Steroidi ndani ya sukuma wiki: mmea unavyozitengeneza na unavyozitumia kukua

Mboga ikizidi ukubwa sokoni Nairobi, siku hizi hushukiwa kabla haijapimwa. Sukuma wiki ikiwa na jani la kufunika sahani, au nyanya ikikaa wiki mbili bila kulainika, mnunuzi humwuliza mama mboga kama hiyo si ya steroidi. Neno lenyewe limefika jikoni likiwa na sifa mbaya tayari, maana limepitia kwenye habari za wanariadha wetu waliofungiwa kwa dawa za kuongeza nguvu na kwenye maonyo kuhusu krimu za kujichubua. Juu ya hayo, maduka ya agrovet, yanayouza pembejeo za kilimo, yana vichupa vilivyoandikwa brasinolidi, na muuzaji akiulizwa ni nini hujibu kwamba ni homoni ya kukuza mimea. Mteja husikia steroidi, homoni na chakula kwa mkupuo mmoja, akaondoka na hofu.

Tuanze na jibu, maelezo yafuate. Ndiyo, sukuma wiki ina steroidi. Hata ile uliyoipanda mwenyewe kwenye gunia nyuma ya nyumba, usiipe chochote ila maji na samadi, ina steroidi, kwa sababu inazitengeneza yenyewe ndani ya seli zake. Mmea uliokosa uwezo huo hubaki kibete, wenye majani mafupi ya mviringo ya kijani kilichokolea mno, na mbegu zake huwa chache au hazipo kabisa. Kwa hiyo kuuliza kama mboga ina steroidi hakutufikishi mbali. Maswali yenye uzito ni mawili: steroidi hiyo ni ipi, na nani ana chombo cha kuisoma.

Jina la umbo, jina la kazi

Steroidi ni jina la umbo. Wanakemia huita hivyo molekuli yoyote iliyojengwa juu ya pete nne za kaboni zilizoshikana, tatu zenye pembe sita na moja yenye pembe tano, jumla kaboni 17. Juu ya msingi huo hubandikwa vipande mbalimbali, na kipande kimoja kikihama mahali pake kazi yote inaweza kubadilika. Kolesteroli ni steroidi. Testosteroni, estrojeni na kotisoli ni steroidi. Prednisoloni anayopewa mgonjwa wa pumu ni steroidi, na klobetasoli inayotiwa kwenye baadhi ya krimu za kujichubua ni steroidi pia. Anayesema "steroidi" bila kutaja ipi bado hajasema kitu.

Homoni, kwa upande wake, ni jina la kazi: kemikali inayotolewa na seli kwa kiasi kidogo sana ili kuelekeza mwenendo wa seli hiyo au wa nyingine. Kolesteroli ni steroidi lakini si homoni. Insulini ni homoni lakini ni protini. Na homoni za mimea zinazotajwa mara nyingi na maafisa wa kilimo, yaani auksini, jiberelini, sitokinini na ethilini, hakuna hata moja yenye umbo la steroidi. Kundi la homoni za ukuaji lenye umbo hilo huitwa brasinosteroidi, na iliyo kali kuliko zote katika kundi hilo ni brasinolidi.

Fomula ya brasinolidi ni C28H48O6. Itazame vizuri: kaboni, hidrojeni na oksijeni, basi. Haina nitrojeni, fosforasi wala potasiamu. Aliyeuziwa kichupa hicho kama mbadala wa mbolea za DAP au CAN ameuziwa maneno, kwa maana homoni hutoa amri tu, hailishi mmea.

Mmea huitengeneza kutoka kwa kampesteroli, iliyo jamaa wa karibu wa kolesteroli yetu, kwa msururu wa vimeng'enya ambavyo kila kimoja hubadilisha kipande kimoja. Kimojawapo, DET2, ni ndugu wa kimeng'enya cha binadamu kinachogeuza testosteroni kuwa dihidrotestosteroni. Undugu huo si wa kwenye karatasi tu. Mwaka 1997 watafiti walitia kimeng'enya cha binadamu katika mmea uliokosa DET2, na mmea uliokuwa kibete ukarefuka. Katika utengenezaji, basi, sisi na mimea tunakaribiana sana. Tofauti kubwa iko kwenye usomaji.

Kilo 227 za chavua

Mwaka 1970 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walitangaza kwamba mafuta yaliyotolewa kwenye chavua ya rapa yalirefusha mashina ya maharagwe kwa namna isiyofanana na homoni zilizojulikana wakati ule. Rapa ni mmea wa jenasi Brassica, jenasi hiyohiyo ya sukuma wiki na kabeji. Kuipata molekuli yenyewe kulichukua miaka tisa zaidi. Ilibidi kutumia kilo 227 za chavua iliyokusanywa na nyuki, na mwishoni zikabaki miligramu 4 za fuwele safi.

Uchache huo ni muhimu kwa kila kitakachofuata. Chavua na mbegu changa ndizo zenye brasinosteroidi nyingi, na hata humo ni kati ya nanogramu 1 na 100 kwa kila gramu ya uzito mbichi. Kwenye majani na machipukizi, yaani sehemu tunazokula, kiwango hushuka hadi nanogramu 0.01 hadi 0.1 kwa gramu. Nanogramu moja ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara bilioni.

Kwa muda mrefu wanasayansi wengi waliziona molekuli hizi kama jambo la kando. Kwamba zikinyunyizwa hurefusha mmea hakukuthibitisha kuwa mmea wenyewe unazihitaji. Ushahidi ulikuja 1996, kupitia mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis thaliana, jamaa wa mbali wa kabeji.

Ili kuelewa ushahidi huo, otesha punje mbili za maharagwe, moja dirishani na nyingine ndani ya kabati lenye giza. Baada ya wiki moja la kabatini litakuwa refu, jembamba, la manjano, kichwa kimeinama na majani hayajafunguka. Ndivyo mche unavyofanya ukiwa bado chini ya udongo: hutumia akiba yake yote kurefuka hadi upate mwanga. Sasa, watafiti walikuwa na Arabidopsis ambayo ikioteshwa gizani hubaki fupi na kufungua majani kana kwamba iko juani. Walipoichunguza waligundua kuwa jeni ya DET2 imeharibika. Walipoipa brasinolidi, ilirejea kimo cha kawaida. Hapo haikuwezekana tena kusema kwamba steroidi si sehemu ya maisha ya mmea.

Kulikuwa na kibete kingine kilichofanana na cha kwanza kwa sura, ila hicho hakikujali. Kipe brasinolidi leo, kipe kesho, kiongezee dozi: hakisogei. Mmea wa kwanza ulikosa homoni, wa pili uliikosa njia ya kuisikia. Jeni iliyoharibika katika huo wa pili ilitambuliwa 1997 na Jianming Li na Joanne Chory wa Taasisi ya Salk, California, nayo huitwa BRI1. Hicho ndicho kipokezi, yaani protini inayoipokea homoni na kuisikia.

Amri haiingii ndani

Aliyesoma baiolojia ya sekondari anakumbuka kwamba steroidi za mnyama hupenya utando wa seli, hukutana na kipokezi ndani, na viwili hivyo pamoja hushika DNA kwenye kiini. Wengi hudhani mmea hufanya vivyo hivyo. Haufanyi. BRI1 imekaa kwenye utando, mdomo wake ukiwa nje ya seli na mkia ukiwa ndani, na brasinolidi hufanya kazi yake pale nje bila kuvuka.

Fikiria matatu iliyojaa abiria stejini, injini inanguruma, dreva amekanyaga breki. Makanga yuko nje. Anagonga bodi, dreva anaachia breki, gari linaondoka. Makanga hakushika usukani, hakutia mafuta, wala mkono wake haukupita kwenye bati; kilichopita ni mshindo. Brasinolidi ndiyo makanga huyo. Jambo la pili katika mfano huu, ambalo watu hulisahau, ni kwamba gari halikuwa limezimwa. Lilikuwa limezuiwa.

Breki ya seli ni kimeng'enya kiitwacho BIN2. Kazi yake ni kubandika fosfati, kikundi kidogo cha fosforasi na oksijeni, kwenye protini nyingine, na wakati hakuna homoni huwa kazini mfululizo. Inazozilenga hapa ni BZR1 na BES1, protini ambazo zikiachwa huru huingia kwenye kiini na kuamua jeni zipi ziwake na zipi zizimwe. Zikishabandikwa fosfati haziwezi kuishika DNA ipasavyo, hunaswa nje ya kiini na protini za kundi la 14-3-3, na nyingi huishia kuvunjwavunjwa. Kipokezi nacho kina kizuizi chake: mkia wa BRI1 hukaliwa na protini ndogo iitwayo BKI1 ili usijiwashe ovyo.

Homoni inapofika hutua kwenye mfuko ulioko upande wa nje wa BRI1. Sehemu hiyo ya nje imejikunja mzunguko, imejengwa kwa kipande kimoja cha protini kinachojirudia karibu mara 25, na marudio hayo yamekatizwa na kipande cha asidi amino kama 70, yaani matofali yanayojenga protini. Mfuko uko kati ya kipande hicho na ukuta wa ndani wa mzunguko. Umbo lake la kina lilichapishwa 2011, na lilionyesha kwamba homoni ikishatua, upande wake mmoja hubaki wazi. Upande huo wazi, pamoja na BRI1, hufanya mahali papya pa kushikia, na hapo ndipo protini ya pili, BAK1, inapokuja kujishikiza. Homoni inazigundisha protini mbili ambazo bila yake hazishikamani vizuri.

Baada ya hapo mambo huenda kasi. Mikia ya BRI1 na BAK1 iliyo ndani ya seli hubandikana fosfati. BKI1 hutimuliwa. BRI1 huziwasha protini jirani za utando, hizo huiwasha nyingine iitwayo BSU1, na BSU1 huiondolea BIN2 fosfati moja iliyo kwenye asidi amino yake namba 200, iitwayo tairosini. BIN2 haifanyi kazi bila fosfati hiyo. Breki imeachiwa. Kimeng'enya kingine, PP2A, hubandua fosfati zilizokuwa kwenye BZR1 na BES1, nazo huingia kiinini. Kutoka homoni kugusa kipokezi hadi protini hizo kubanduliwa fosfati ni jambo la dakika, halifiki saa.

Hapa wanafunzi hujikwaa: kuondolewa fosfati kumeizima BIN2, lakini kuondolewa fosfati kumeiwasha BZR1. Hakuna mgongano. Fosfati yenyewe haina maana ya kuwasha wala kuzima. Inategemea imebandikwa kwenye protini gani na mahali gani. Ukilishika hili, nusu ya baiolojia ya seli inakuwa nyepesi.

Tunajuaje kwamba mpangilio ndio huo? Kwa kutazama mimea iliyoharibika hatua tofauti. Mmea wenye BRI1 mbovu hausikii homoni hata ukimwagiwa. Upo mwingine ambao BIN2 yake imebadilika kiasi kwamba haizimiki: homoni ipo, kipokezi kipo, lakini breki imekwama, na mmea ni kibete. Kuna wa tatu wenye BZR1 iliyobadilika ikawa inabaki kazini hata ukiupa dawa ya kuzuia utengenezaji wa homoni. Huo huendelea kurefuka. Ukiipanga mimea hiyo kwa utaratibu, unapata nani yuko juu ya nani katika msururu.

Kwa nini seli ijipe shida ya kutengeneza protini za ukuaji na wakati huohuo kuzizuia? Kwa sababu kuachia breki ni haraka kuliko kuanza kuunda gari. Mche unaotoboa udongo, au tawi lililofunikwa ghafla na jirani, hauna muda wa kusubiri protini mpya ziundwe ndipo uanze kuchukua hatua.

Jambo moja la mwisho kuhusu kiini, na lina faida kwa mkulima. Miongoni mwa jeni ambazo BZR1 huzizima zimo zile za vimeng'enya vinavyotengeneza homoni yenyewe, kama DWF4 na CPD. Homoni ikizidi, mmea hupunguza uzalishaji wake. Kwa hiyo unaponyunyizia kutoka nje, mmea nao unapunguza kutoka ndani, na faida unayotarajia kwa kuongeza dozi inaliwa hapohapo.

Kurefuka ni kulegeza ukuta

Seli ya mmea imefungiwa ndani ya ukuta wa selulosi, na maji yaliyomo huusukuma ukuta huo kutoka ndani kwa shinikizo linaloweza kuwa mara kadhaa ya lile la hewa. Kinachoizuia seli isipanuke ni ukuta. Baadhi ya jeni zinazowashwa na BZR1 hutoa ekspansini, protini zinazolegeza mshikamano wa nyuzi za ukuta. BRI1 nayo huzichochea pampu za protoni kwenye utando, ukuta ukapata asidi kidogo, na ekspansini hufanya kazi vizuri kwenye asidi. Nyuzi huteleza, maji huingia, vakuoli, mfuko wa maji ulio ndani ya seli, hujaa, seli hurefuka. Sehemu kubwa ya urefu unaouona kwenye shina changa ni seli zilezile zilizopanuka, wala si lazima ziwe zimeongezeka idadi.

Ndiyo maana homoni bila maji haina cha kusukuma. Na ndiyo maana sukuma wiki iliyobanana kwenye gunia hutoa shina refu lenye majani madogo bila kunyunyiziwa chochote. Kivuli cha majirani huamsha auksini na protini ziitwazo PIF, na PIF hushirikiana na BZR1 kwenye jeni zilezile. Tiba ni nafasi. Shambani, sentimita 45 hadi 60 kati ya miche huondoa tatizo hilo.

Brasinosteroidi pia hazisafiri mbali. Auksini hutoka kwenye ncha hadi mizizini, lakini hizi hufanya kazi palepale zilipotengenezwa au kwenye seli za jirani. Ukinyunyizia majani ya juu, usitarajie mizizi ipate habari.

Yale yanayosemwa sokoni

La kwanza ni kwamba ukila mboga yenye steroidi utapata steroidi. Mwili wa binadamu hauna BRI1, kwa hiyo kipokezi ambacho homoni hii imeumbiwa hakipo. Mtu makini atapinga kwamba molekuli inaweza kufanya kazi kwa njia nyingine, na ana haki. Katika utafiti uliochapishwa 2011, panya waliopewa homobrasinolidi kwa mdomo, miligramu 20 au 60 kwa kila kilo ya uzito kila siku kwa siku 24, walikula zaidi na kuongeza nyama ya mwili. Basi tupige hesabu. Mtu wa kilo 70, kwa dozi ile ya chini ya miligramu 20, angehitaji gramu 1.4 kwa siku. Jani lenye nanogramu 0.1 kwa gramu lingemlazimu ale tani 14,000 za mboga kila siku. Hesabu hiyo haijarekebisha tofauti kati ya panya na mtu, lakini ukiigawanya kwa kumi au kwa mia bado ni malori mengi mno kwa sahani moja ya ugali.

Wanariadha huuliza pia kuhusu spinachi, kwa sababu ina steroidi nyingine iitwayo ekdisteroni. Shirika la WADA, linalopambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni duniani, liliiweka kwenye mpango wake wa ufuatiliaji mwaka 2020. Kufuatiliwa si kupigwa marufuku, na kinachozua maswali ni vidonge vya dondoo, si mboga. Isitoshe, sehemu kubwa ya kinachouzwa Nairobi kwa jina la spinachi ni mmea mwingine, wa jamii ya kiazisukari.

La pili ni nyanya isiyolainika. Hiyo mara nyingi ni kazi ya mbegu: aina nyingi za chotara zimezalishwa kwa makusudi ziwe na ngozi ngumu na ziive polepole, zisafiri kutoka Kirinyaga au Kajiado bila kupondeka. Zile zinazoivishwa kwa haraka huivishwa kwa ethefoni, ambayo hutoa ethilini, au kwa kabaidi, ambayo hutoa asetilini. Hakuna steroidi katika habari hiyo. Na jani kubwa la sukuma kwa kawaida lina nitrojeni na maji ya kutosha, hakuna siri zaidi.

Kuna ushauri wa tatu, wa kusaga vidonge vya kupanga uzazi na kuvimwaga kwenye vyungu vya maua, kwa hoja kwamba homoni ni homoni. Mfuko wa BRI1 unachagua. Hutambua vikundi vya oksijeni na hidrojeni vilivyokaa mahali maalumu kwenye pete na kwenye mkia wa brasinosteroidi, na estrojeni haina mkia huo. Unachopata ni vidonge vilivyoharibika na homoni za binadamu kwenye udongo.

Kama mtu anatafuta cha kuhofia kwenye mboga za Nairobi, afadhali aulize kuhusu siku za kungoja kati ya kunyunyizia dawa ya wadudu na kuvuna, na kuhusu maji yaliyotumika kumwagilia. Huko kuna hatari za kweli, na hazihitaji neno la kutisha.

Kichupa cha agrovet

Bidhaa hizi mara nyingi hazina brasinolidi asilia, ambayo ni ghali. Zina ndugu zake wa kiwandani, 24-epibrasinolidi au 28-homobrasinolidi. Soma asilimia kwanza. Kimiminika cha 0.01% kina miligramu 100 kwa lita. Mililita 10 zake zina miligramu 1, na ukizitia kwenye pampu ya lita 20 unapata miligramu 0.05 kwa lita, kiwango kilicho ndani ya mipaka ya kawaida ya miligramu 0.01 hadi 0.1. Kosa la kawaida ni kununua kichupa cha 0.1% safari inayofuata na kupima mililita zilezile 10. Hapo umezidisha mara kumi kwa sababu ya sifuri moja.

Kuzidisha hakuongezi mavuno. Mizizi ndiyo huonyesha kwanza: kiwango kidogo mno huweza kuirefusha kidogo, kikipanda hata bado kikiwa kidogo sana huidumaza. Majani machanga hujipinda na mashina ya miche huwa membamba yanayolala. Ukiona hayo, hakuna dawa ya kuiondoa homoni. Acha kunyunyizia, mwagilia kwa kiasi, na usubiri majani mapya.

Steroidi haziyeyuki vizuri kwenye maji, ndiyo sababu kiwandani huyeyushwa kwanza kwenye alkoholi au kiyeyushi kingine. Poda ghafi ikimwagwa moja kwa moja kwenye pampu hubaki chini, ikaziba nozeli au ikatoka yote kwenye mstari wa mwisho wa miche. Nyunyizia asubuhi mapema au jioni, majani yasikauke upesi, na usichanganye na bidhaa zenye ualkali ikiwa lebo imekataza. Kichupa kisicho na jina la kiambato, asilimia na namba ya usajili kiache dukani.

Faida ya kupunguza

Wazalishaji wa mbegu wamepata faida kubwa zaidi kwa kwenda kinyume. Shayiri fupi iitwayo uzu, iliyolimwa kwa muda mrefu Japani, Korea na China, ina BRI1 iliyobadilika asidi amino moja tu. Inasikia homoni kwa shida, kwa hiyo inabaki fupi na hailazwi na upepo. Isichanganywe na ngano fupi za Norman Borlaug, mtafiti Mmarekani aliyezalisha ngano zenye mavuno mengi: ufupi wa hizo ulitokana na jiberelini, homoni tofauti kabisa. Katika mpunga, watafiti wa Japani walionyesha 2006 kwamba mimea yenye upungufu mdogo wa brasinosteroidi husimamisha majani yake wima, jua likafika hadi chini, na ikipandwa kwa kubanana huzaa zaidi bila kuongezewa mbolea.

Mwaka 2023 zamu ilifikia ngano. Watafiti wa China walieleza aina iliyopoteza kipande cha kromosomu chenye jeni kadhaa, zikiwemo mbili: ile maarufu ya ufupi wa Borlaug, na jirani yake iitwayo ZnF-B. Kazi ya ZnF-B ni kusaidia BKI1 ivunjwe, yaani kukiondoa kile kizuizi kinachoukalia mkia wa kipokezi. Jeni hiyo isipokuwepo, kizuizi hubaki, amri ya homoni hupita kwa unyonge, na ngano inakuwa fupi yenye shina imara na mavuno makubwa zaidi.